Suluhu Isiyoandikwa: Historia ya Nuskha Zinazogombana

Kabuta, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, ni pwani ya ziwa Mweru: mchanga uliotandazwa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, wakauke juani, mitumbwi iliyopinduliwa, na ng'ambo ya maji, nchi ya Kongo. Lugha ya nyumbani huko ni Kibemba, lakini Kiswahili cha Katanga huvuka ziwa pamoja na bidhaa, na mfanyabiashara wa samaki mwenye mshirika upande wa pili hana budi kuyaweka madaftari mawili kwa hesabu moja, maana hapana daftari liwezalo kukaa pwani mbili kwa wakati mmoja. Tuseme Jumatatu wameketi pamoja na kunakili kwamba wana ndoo 40. Wa Kabuta akauza 6, akafuta 40 na kuandika 34. Wa ng'ambo akapokea 10, akafuta 40 na kuandika 50. Ijumaa wakikutana, daftari moja lasema 34, la pili lasema 50, na wote wawili ni wakweli. Atakayeyatazama madaftari hayo mawili tu hatapata haki. Atakayeleta na la tatu, yaani hesabu ya Jumatatu, ataona mara moja kwamba zilitoka 6 zikaingia 10, na jawabu ni 44.

Binadamu huyaona hayo kwa sababu anajua samaki ni nini. Mashine haijui, huona mstari mmoja umebadilishwa pande mbili kwa namna mbili, ikasimama na kutaka hukumu. Kusimama huko ndiko kunakoitwa mgongano wa kuunganisha, na vijana wa kazi ya programu wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao hawana subira ya istilahi ndefu, husema tu kwamba wamepata konflikti. Mas'ala haya yana historia ya zaidi ya miaka 50, na historia hiyo, kwa rai yangu, yazunguka swali moja: gharama ya hitilafu atailipa nani, na atailipa mara ngapi.

ZAMA ZA KUFULI, 1972–1984

Mwaka 1972, katika maabara za Bell nchini Marekani, mhandisi Marc Rochkind alitunga programu iliyoitwa SCCS, ya kutunza nuskha zote za maandishi ya programu, mpya na kongwe, ndani ya faili moja. Makarani wa kale wa mwambao wetu, waliokuwa wakinakili tenzi kwa hati za Kiarabu, wangaliielewa haja hiyo bila kufasiriwa: utenzi mmoja ukinakiliwa Lamu, Pate na Mombasa, baada ya vizazi viwili huwa kama tenzi tatu, na mwanachuoni atakaye kuujua usuli wake hulazimika kuzilaza nuskha zote mezani na kuzilinganisha mstari kwa mstari.

Walakini tadbiri ya kwanza ya SCCS dhidi ya hitilafu haikuwa kulinganisha. Ilikuwa kufunga mlango. Aliyetaka kuhariri faili aliichukua kwa kufuli, na wenzake wote, hata yule aliyetaka kugusa mstari ulio mbali na wake kwa kurasa kumi, walingoja mpaka airejeshe. Migongano haikuwapo kwa sababu kazi ya pamoja haikuwapo. Gharama ililipwa na anayengoja, ikalipwa kwa saa na siku, na kama mwenye kufuli alisahau akaenda zake likizo, ililipwa kwa majuma.

Wakati huohuo, katika maabara zilezile, chombo kingine kilikuwa kikikua ambacho hatimaye kingelivunja kufuli hilo. Toleo la tano la Unix, la mwaka 1974, lilitoka na programu ndogo iitwayo diff, ambayo hesabu yake James Hunt na Douglas McIlroy waliieleza katika waraka wa mwaka 1976: hupewa nuskha mbili, hutafuta mfuatano mrefu kuliko yote wa mistari iliyomo katika zote mbili, kisha husema mistari ipi iliyobaki imeongezwa na ipi imeondolewa. Mwaka 1979, katika toleo la saba, alikuja mdogo wake, diff3, aliyepokea faili tatu badala ya mbili. Hapo ndipo daftari la Jumatatu lilipopata nafasi yake mezani.

Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa RCS mwaka 1982, akahifadhi nuskha ya mwisho ikiwa nzima na kuzieleza za nyuma kwa tofauti tu, kwa kuwa watu aghalabu hutaka ya leo kuliko ya mwaka jana. Kasi ikaongezeka. Kufuli likabaki mlangoni.

JIONI ZA AMSTERDAM, 1984–1990

Katika Chuo Kikuu cha Vrije mjini Amsterdam, tangu Julai 1984 hata Agosti 1985, mwalimu Dick Grune alikuwa akitunga kompaila ya lugha ya C pamoja na wanafunzi wawili. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mtu wa saa za ofisi, aingiaye saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Wa pili hakuwa na saa maalumu. Na Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kwa watu watatu wa namna hiyo kufuli ni sawa na kukatazana kazi, kwani wa kwanza akilichukua asubuhi, wa tatu hukuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo amekwenda kulala.

Grune akaandika mkusanyiko wa amri ndogondogo juu ya RCS, ili kila mmoja awe na nakala yake, aihariri apendavyo, kisha aipeleke katika hazina ya wote. Akautangaza hadharani tarehe 23 Juni 1986, na Brian Berliner alipouandika upya kwa lugha ya C mwaka 1989 ukawa CVS tunayoijua. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mwenye kutangulia huingia, mwenye kuchelewa huunganisha. Kama wawili wamegusa mahali mbalimbali, mashine huunganisha yenyewe. Kama wamegusa mahali pamoja, huandika maneno ya wote wawili ndani ya faili, yakitenganishwa na alama saba za pembe juu, alama saba za usawa katikati, na alama saba za pembe chini, kisha humwachia mtu. Alama hizo saba-saba zipo hata leo, na mtu yeyote aliyewahi kuzikuta saa sita ya usiku katika faili aliyodhani ameimaliza hazisahau upesi.

Hii ndiyo zamu kubwa ya kwanza katika habari yetu. Gharama iliondolewa kwa anayengoja ikawekwa kwa anayechelewa, na kwa ujumla ilikuwa biashara ya faida, kwa sababu watu wengi siku nyingi hawagusi mstari mmoja. Lakini CVS ilikuwa na aibu moja: ilijua kuunganisha, haikujua kwamba imekwisha kuunganisha. Mtu akikuza tawi la kazi mbali na shina, akaliunganisha na shina mwezi wa kwanza, akakata migongano yote, kisha mwezi wa pili akaliunganisha tena, CVS ilirudi hadi pale tawi lilipoanza na kuyaleta mabadiliko yote upya, pamoja na yale yaliyokwisha kukatiwa hukumu. Dawa iliyoshauriwa ilikuwa mtumiaji atie alama kwa mkono wake mahali alipofikia, na akisahau, hiyo ni juu yake.

TARAKIMU UKUTANI, 2000–2008

Subversion, iliyoanzwa na shirika la CollabNet mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 Februari 2004, ilirekebisha mengi ya CVS isipokuwa usahaulifu huo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliouonja. Katika kazi moja ya ujana wangu tulikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye tarakimu za nuskha zilizokwisha kuunganishwa, kila mmoja akiongeza yake kwa kalamu. Usiku mmoja wa mvua dirisha likaachwa wazi, asubuhi tukakuta karatasi sakafuni imekuwa uji, na majuma matatu ya migongano tuliyokwisha kuisuluhisha yakatujia upya, yote, kama wageni wasiojuana nasi. Toleo la 1.5, Juni 2008, hatimaye liliifundisha mashine kuandika tarakimu hizo yenyewe, ijapokuwa hazina ambazo kumbukumbu hizo zilitapakaa katika vijisehemu vingi ziliona kuunganisha kukiwa kuzito zaidi kuliko zamani. Hayo yatosha kuhusu Subversion.

VIRAKA VYA MWANAFIZIKIA, 2003–2011

David Roundy, mwanafizikia wa Marekani, alitoa mwaka 2003 programu aliyoiita darcs, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, na wazo lake lilikuwa na uzuri ambao mtu wa hesabu huutambua kabla hajaujua. Wengi kabla yake walidhani cha asili ni nuskha, na badiliko ni tofauti baina ya nuskha mbili. Roundy akageuza: cha asili ni badiliko lenyewe, alilolifananisha na kiraka, na hazina ni rundo la viraka ambalo mpangilio wake si wa lazima, maadamu viraka visivyotegemeana vyaweza kupishana nafasi na matokeo yakabaki yaleyale. Mfanyabiashara wa Kabuta angefurahi: "toa 6" na "ongeza 10" ni viraka viwili, na kipi kitangulie hakuna anayejali.

Viraka viwili vikigombana kwa kweli, darcs haikumtupa hata mmoja wa wagomvi. Ilivihifadhi vyote viwili, pamoja na maelezo ya ugomvi wenyewe, na maelezo hayo nayo yakawa kitu cha kuhesabiwa. Kwa ugomvi mmoja hapana taabu. Balaa lilizaliwa pale ugomvi ulipoketi juu ya ugomvi: matawi mawili yakaishi miezi kadhaa bega kwa bega, wenyewe wakiunganisha mara kwa mara, kila upande ukakata shauri kwa namna yake, kisha ukaendelea kuandika juu ya mistari ileile ya shauri. Sasa ili kuijua hali ya ugomvi wa nje, mashine ililazimika kuufungua wa ndani, kwa pande zote mbili, na katika kila upande kuufungua ulio ndani zaidi. Kazi inapozidi mara mbili kwa kila tabaka, matabaka 10 ni hatua 1,024, matabaka 20 ni zaidi ya milioni moja, na matabaka 30 hupita bilioni moja. Mtumiaji hakuiona hesabu hiyo. Aliona kiashirio kikipepesa mahali pamoja, akasikia feni ya kompyuta ikivuma, akaenda kuchemsha chai, akarudi, akainywa, ikaisha, na amri aliyoitoa haijajibu. Wengine walilala wakaamka nayo.

Palikuwa na kichekesho kingine cha kusikitisha. Watu wawili walio mbali, wasiowasiliana, wakikata ugomvi mmoja kwa hukumu iliyofanana neno kwa neno, darcs ya kwanza iliona hukumu mbili zinazogombana. Kadhi akiwapatanisha watu Nchelenge, na kadhi mwingine akatoa hukumu ileile Pweto, upande wa Kongo, ingesemwa kwamba makadhi wamehitilafiana!

Darcs 2, ya Aprili 2008, ililiondoa kosa hilo la hukumu pacha na kuyafanya maunganisho ya kutisha kuwa nadra, bila ya kuyatokomeza. Lakini jina lilikwisha kuharibika. Jumuiya ya GHC, kompaila kubwa ya Haskell, ambayo ilihamia darcs mwaka 2006 kwa fahari, kwa kuwa ilikuwa chombo kilichoandikwa kwa lugha yao wenyewe, iliiacha mwaka 2011 na kwenda Git, ambayo habari yake yaja hapa chini. Mtu hukihama chombo cha ukoo kwa sababu nzito tu.

Wako wanaosema darcs ilishindwa kwa kuwa nadharia yake ilikuwa ngumu mno. Sikubaliani nao. Nadharia ilikuwa safi kuliko zote zilizoitangulia. Kilichokosekana ni mahali pa kuifunga kesi. Kila shauri lilibaki wazi barazani daima, likingoja kusikilizwa tena mara tu jirani yake atakapoguswa.

APRILI 2005

Waundaji wa Linux walikuwa wakiitumia BitKeeper, programu ya kibiashara ya Larry McVoy, tangu mwaka 2002 kwa ruhusa ya bure. Aprili 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa baada ya mzozo, na kiongozi wao, Linus Torvalds, akajikuta hana chombo. Mizani mojawapo aliyoyapimia yaliyopo ilikuwa wakati. Kiraka kimoja kikichukua sekunde 30 kuunganishwa, na siku moja ya kulandanisha kazi na wasimamizi wenzake yaweza kuwa na viraka 250, ni zaidi ya saa mbili za kukodolea macho kioo. Akaweka sharti la sekunde 3, yaani dakika 12 na nusu kwa kazi ileile. Akatunga chombo chake mwenyewe, Git. Tarehe 7 Aprili Git ikaanza kujitunza yenyewe, Juni Linux 2.6.12 ikatoka ikiwa chini yake, na Julai usimamizi akakabidhiwa Junio Hamano, ambaye angali nao.

Git haikujishughulisha na viraka. Ilihifadhi picha nzima ya mradi kwa kila hatua, na wazazi wa kila hatua, hivyo ilijua daima ni wapi matawi mawili yaliachana. Aibu ya CVS ikawa imefutwa kwa tendo moja: kilichokwisha kuunganishwa kina mzazi wa pande zote mbili, na Git hairudi nyuma yake.

Ikabaki fundo moja. Turudi ziwani. Washirika wetu wawili, badala ya kukutana, wametumiana nakala siku moja, mitumbwi ikapishana katikati ya maji, na kila mmoja akaunganisha nakala ya mwenzake na yake. Watakapotaka kuunganisha tena, asili yao ya pamoja ni ipi? Zipo mbili, na kila moja ina haki sawa. Mwaka huohuo wa 2005 Fredrik Kuivinen alileta njia ya kuziunganisha kwanza asili hizo mbili zenyewe, kupata asili moja ya kubuni, kisha kuitumia kama daftari la Jumatatu. Na kama asili hizo nazo zina asili mbili, kushuka tena, na tena. Ilipojaribiwa juu ya historia halisi ya Linux 2.6 ilipunguza migongano bila kuzaa maunganisho ya uongo. Lakini msomaji amekwisha kuona hatari: pale ambapo mitumbwi hupishana kila juma, ngazi za kushuka huwa nyingi.

Mwaka 2006 Hamano akaongeza kitu kidogo ambacho kwangu mimi ndicho kiini cha habari hii nzima. Alikiita rerere, kifupisho cha maneno yenye maana ya kutumia tena suluhu iliyoandikwa. Mgongano ukitokea, Git huunakili umbo lake. Mtu akiukata, huinakili na hukumu. Na umbo lilelile likitokea tena, kesho au mwezi ujao, katika tawi hili au lile, huitia hukumu ya zamani bila kuuliza. Hakuna nadharia ndani yake. Ni daftari la mahakama.

MWERU BILA MTANDAO

Tangu katikati ya muongo wa 2000 Wizara ya Afya ya Zambia, pamoja na CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi, ilikuwa ikiijenga SmartCare, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, hasa wa Ukimwi, ambamo mgonjwa alichukua kadi yenye kumbukumbu yake, na vituo visivyo na mtandao vilitunza nakala zao ambazo baadaye zilisafirishwa na kuunganishwa wilayani na juu zaidi. Wakati huohuo huko Eldoret, Kenya, OpenMRS, mfumo mwingine wa namna hiyo, ilianza kazi Februari 2006. Haya si maandishi ya programu, ni habari za watu, lakini hesabu yake ni ileile. Mvuvi hahamii kliniki. Huhama na samaki. Aliyeandikwa katika kituo kimoja cha pwani msimu huu, msimu ujao huonekana katika kingine, na kumbukumbu mbili za mtu mmoja zinakutana wilayani zikiwa na tarehe mbili za kuzaliwa au tahajia mbili za jina. Popote kazi ifanywapo hivyo, karani akizipatanisha leo bila mashine kuandika kwamba amezipatanisha, nakala ya kituo ikija tena mwezi ujao italeta mgongano uleule, na mwezi wa tatu tena; kompyuta kuukuu ya ofisi ikitumia alasiri nzima kulinganisha maelfu ya wagonjwa ambao wengi wao hawajabadilika hata herufi moja.

Kwa watunga programu wa upande wetu, mkongo wa SEACOM uliowashwa Julai 2009 ulibadilisha mengi Mombasa na Dar es Salaam. Huku kwenye maziwa ya bara mabadiliko yalichelewa, na Git, inayomwezesha mtu kufanya kazi juma zima bila mtandao, ilipokelewa kama rehema. Nayo ni rehema yenye riba. CVS isiyo na mtandao haifanyi kitu, na asiyefanya kitu hagombani na mtu. Git hukuacha uende mbali peke yako, na kadiri uendavyo mbali ndivyo siku ya kurudi inavyokuwa nzito. Kijana aliyejitenga siku 20 kwa sababu ya umeme na vocha, akitaka kuipanga upya kazi yake ya hatua 30 juu ya shina jipya, aweza kuukata mgongano mmoja mara 30, hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua inaugusa mstari uleule. Nimemwona mmoja aliyefanya hivyo kwa taa ya simu. Kufikia hatua ya 12 hakuwa akisoma tena. Alikuwa akichagua upande wa juu kila mara ili amalize, na hitilafu aliyoizalisha usiku ule iligunduliwa baada ya mwezi.

DRIVERS NA PILOTS, 2021

Njia ya Kuivinen ilidumu zaidi ya miaka 15. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa katika faili zilizobadilishwa majina: ili kujua kwamba faili iliyotoweka ndiyo iliyotokea kwa jina jingine, Git ililinganisha kila iliyotoweka na kila iliyozuka, na elfu moja kwa elfu moja ni ulinganisho milioni moja. Elijah Newren aliijenga upya kazi yote kwa njia aliyoiita ort, na jaribio alilolitumia lastahili kusimuliwa. Alichukua Linux, akaliita jalada lake kubwa la drivers kwa jina jipya la pilots, faili kama 26,000 zikahama kwa pigo moja, kisha akaamuru viraka 35 vihamishiwe juu ya badiliko hilo. Njia ya zamani ilichukua karibu sekunde 6,000, saa moja na dakika 40. Ya kwake ilimaliza chini ya sekunde moja: kasi ya zaidi ya mara 9,000.

Sehemu ya siri hiyo ni hesabu njema, na sehemu ni jambo ambalo mfanyabiashara wa Kabuta angelisema bila kusoma. Katika viraka 35 vinavyohamia juu ya shina moja, majina yaliyobadilika upande wa shina ni yaleyale mara zote 35. Njia ya zamani iliyatafuta upya kila mara kama haijapata kuyaona, na ort huyaandika mara ya kwanza ikayakumbuka zilizobaki. Ilitoka na Git 2.33, Agosti 2021, na kuanzia 2.34, Novemba mwaka huo, ndiyo ya kawaida kwa kila mtu.

Wazo la Roundy nalo halikufa. Mwaka 2013 Samuel Mimram na Cinzia Di Giusto walilipa viraka nadharia mpya, ambamo ugomvi ni hali halali ya faili kama hali nyingine yoyote, na juu yake Pierre-Étienne Meunier na Florent Becker wakaijenga Pijul, ambayo shauri likikatwa mara moja limekatwa kwa wote walipokeao. Watumiaji wake bado ni wachache.

Kasi ya ort kila mtu ameipata bila kuomba. Rerere, ambayo ina umri unaokaribia ule wa Git yenyewe, hata leo huja imezimwa. Wewe unayefanya kazi pwani ya Mweru kwa mtandao wa siku mbili kwa juma, au popote pengine ambapo tawi lako hukaa peke yake muda mrefu, iwashe kabla hujaanza tawi lijalo. Ni mstari mmoja: git config --global rerere.enabled true.